Mji Niliokuwa Nikiupita Dirishani

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliijua Mukono kupitia dirisha la teksi tu. Mtu anayetoka Jinja kwenda Kampala huvuka Mto Nile, hukata msitu wa Mabira, husimama Namawojjolo ambako wachuuzi humvamia dirishani na kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kisha hufika Mukono akiwa ameshiba na kuchoka, na hapo foleni ya magari humfanya aulaani mji mzima pamoja na wakazi wake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolaani. Kichwani mwangu Mukono ilikuwa kile kipande cha mwisho cha kilomita 20 hivi kabla ya Kampala, basi.

Mwaka 2023 niliombwa kwenda huko kila Jumamosi kuwafundisha Kiswahili walimu kadhaa wa shule za msingi. Ulikuwa umepita mwaka mmoja hivi tangu Baraza la Mawaziri liamue, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, na kitahiniwe. Uamuzi ni jambo moja, na kumpata wa kuutekeleza darasani ni jambo jingine kabisa. Mbele yangu walikaa watu wazima wapatao ishirini, wengi wao wakiwa na miwani ya kusomea, wakinitazama kwa uso ule wa mtu aliyeambiwa na mkubwa wake kwamba atajifunza kuogelea kabla ya Krismasi.

Siku ya kwanza nilimtaka kila mmoja ainue kitu alichokuja nacho na akitaje. Mwanamume wa safu ya pili, mwenye mvi pembeni mwa kichwa, aliinua daftari lake na kusema polepole, "Hii ni kitabo yangu, Afande."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kuniita Afande kwa sauti ile, na mara ya mwisho nilipoisikia nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita.

Nieleze kidogo. Nilizaliwa kambini, baba yangu akiwa askari, Mlugbara wa Arua, na mama yangu Msoga. Kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua lugha ya mwenzake vizuri, nyumba yetu iliongea Kiswahili, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za kambini. Nilipopelekwa shule ya bweni mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilikwenda na lugha hiyo mdomoni bila kujua kuwa ilikuwa mzigo. Ilinichukua wiki moja kujua. Katika bweni letu Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya kuulizwa kitambulisho usiku, na pia lugha ya wezi. Kijana mmoja wa Mukono, aliyeongoza darasa kwa insha za Kiingereza na ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa, ndiye aliyenibandika jina la Afande. Jina lilinikaa kama kupe. Muhula mmoja alikataa hata kukaa nami dawati moja, na alipoulizwa sababu na mwalimu alisimama, akanyamaza, akakubali kuchapwa kuliko kujibu. Nilimaliza shule nikiwa na kinyongo naye, na kinyongo hicho nilikibeba muda mrefu kuliko cheti chenyewe.

Sasa alikuwa amekaa mbele yangu, mwalimu wa darasa la tano, akijifunza kwangu ngeli ya ki- na vi-.

Baada ya kipindi alinisubiri mlangoni. Tulishikana mikono kwa namna ya Waganda, mkono hauachiwi mpaka habari za nyumbani ziishe, na habari zetu zilikuwa za miaka karibu arobaini. Baba yangu alikuwa amefariki, na wake pia. Kisha akaniambia kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Luganda na Kiswahili alichokipata asubuhi ile, "Ndugu yangu, wewe umeshaniona shule. Njoo sasa uone kwetu."

Kwao, nilidhani, ni nyumba na migomba. Alinipeleka kwanza kwenye eneo la chuo, mahali ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, kilichoanza mwaka 1997. Tulipita kati ya wanafunzi waliobeba tarakilishi mgongoni mpaka mbele ya jengo la zamani la matofali, naye akasimama kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa babu yake. Kabla ya kuwa chuo kikuu, alieleza, palikuwa na chuo cha theolojia kilichopewa jina la Askofu Tucker, hapo Mukono tangu mwaka 1913. Babu yake mzaa baba alisomea hapo, akatoka kuwa mchungaji, na baba yake akafuata njia hiyohiyo ingawa yeye aliishia ualimu wa kanisa. "Kwetu," alisema, "mtu alikuwa haulizwi ana ng'ombe wangapi. Aliulizwa amesoma mpaka wapi."

Nilimwambia kwamba huo ni utani wa wasomi. Akanikatalia, akanikumbusha jambo ambalo mtu anayeishi Buganda hulisikia kila siku bila kulisikia. Katika Luganda, okusoma ni kusoma, na pia ni kusali. Mtu akikuuliza "Osoma wa?" huenda hataki kujua shule yako, anataka kujua kanisa lako, au msikiti wako. Wafuasi wa kwanza wa dini mpya katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, waliitwa abasomi, wasomaji, kwa sababu kilichowatofautisha na wenzao ni kwamba walikaa chini wakakodolea macho maandishi. Uislamu ulikuja kwa kitabu, Ukristo nao kwa kitabu, na lugha ikaona hapana haja ya vitenzi viwili.

Kisha akanielekeza kilima cha Nasuuti, ilipo nyumba ya Ham Mukasa, na hapo ndipo kilipoanza kile ambacho nakiita somo langu, kwa kuwa siku ile mwanafunzi nilikuwa mimi.

Jina la Ham Mukasa nilikuwa nimewahi kulisoma, nadhani katika tanbihi, na tanbihi ni kaburi la majina mengi. Sikujua kwamba mtu huyo aliishi na kuzeeka hapo Mukono. Alizaliwa karibu na mwaka 1870, akaingizwa akiwa mvulana katika utumishi wa jumba la Kabaka Mutesa, jumba ambamo Kurani ilisomwa kabla ya Injili na ambamo mfalme mwenyewe aliwahi kufunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Katika vita vya dini alijeruhiwa goti, akachechemea maisha yake yote. Alikuwa Sekibobo, yaani mtawala wa kaunti ya Kyaggwe, tangu mwaka 1905 hadi 1935, na alifariki mwaka 1956. Vyeo hivyo vilikuwa na watu wengi. Kilichomfanya awe mtu wa kusimuliwa ni kwamba hakuacha kuandika.

Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikkiro yaani waziri mkuu wa Buganda, alialikwa Uingereza kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na Ham Mukasa akaenda naye kama katibu. Njia yao ilipita ziwani, kisha kwenye reli iliyokuwa imefika ufukweni mwa ziwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, mpaka Mombasa, kisha melini. Sherehe iliyopangwa kufanyika Juni iliahirishwa hadi tarehe 9 Agosti kwa sababu mfalme aliugua na kupasuliwa, hivyo wageni wa Buganda wakapata muda wa kutosha wa kutazama nchi ya watu. Mukasa aliandika kila alichokiona, na maandishi yake yakatolewa London kwa Kiingereza mwaka 1904. Ninapenda sana wazo hilo. Katika miaka ambayo Wazungu walikuwa wakishindana kuchapisha vitabu vya safari zao Afrika, kijana wa Buganda mwenye goti bovu aliwatembelea kwao na kuwaandika wao. Baadaye, uzeeni, alichapisha historia ya wafalme wa nchi yake na kuipa jina Simudda Nyuma, ambalo halihitaji mkalimani mkubwa: sirudi nyuma.

Tulikitazama kilima kutoka barabarani. Rafiki yangu hakutaka tupande, kwa kuwa nyumba ya wenyewe haiendewi kama soko. Alisimama tu, mikono nyuma, akisema kwamba alipokuwa mtoto wazee walikionyesha kilima kile kwa kidevu, si kwa kidole.

Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa likinikereketa tangu mlangoni mwa darasa. Ikiwa mji wenu umesoma hivi, mbona mlikidharau Kiswahili? Hakunijibu papo hapo. Alisema twende kwa senga wake, tukale, maana swali zito halijibiwi na mtu mwenye njaa.

Senga, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, mwenye mgongo ulionyooka kuliko wangu. Alitupokea kwa maamkizi marefu, mimi nimeinama na yeye akinisaili ukoo. Tukala matoke yaliyofunguliwa kwenye majani ya mgomba, moshi ukipanda, na mchuzi wa karanga. Baada ya kunawa alimwagiza mjukuu wake alete bati.

Lilikuwa bati la biskuti, la zamani, rangi yake imebanduka pembeni na kuacha kutu. Ndani yake, kimefungwa katika kipande cha kanga, mlikuwa na kitabu cha ajabu kwa umbo: kifupi, chembamba kwa uso, lakini kinene kama tofali. Ilikuwa Biblia ya Luganda. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za Biblia za namna hiyo nikadhani ni hekaya. Tafsiri nzima ya Luganda ilikamilika mwaka 1896 kwa kazi ya Mwingereza George Pilkington na Waganda waliofanya naye kazi, wa mbele yao akiwa Henry Wright Duta, na kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawaheshimu maandiko, zilichapwa Biblia za umbo la kuingia katika mabati ya biskuti. Senga alisema babu yake aliinunua zamani kwa kauri. Alinipa niishike. Ukingo wa kurasa ulikuwa mweusi kwa vidole vya watu waliokwisha kufa, na kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo palikuwa na majina ya watoto waliozaliwa katika ukoo, kila jina kwa mwandiko tofauti, mengine kwa wino uliogeuka kahawia. Jina la rafiki yangu lilikuwa la nne kutoka chini.

Senga akasimulia kwamba babu yake alijifunza kusoma kwa karatasi moja iliyowekwa chini, wanafunzi wameizunguka, na yeye alikuwa amekaa upande wa juu. Ndiyo sababu mpaka uzeeni aliweza kusoma kitabu kilichopinduliwa, na watoto walimchezea kwa kumpa gazeti juu chini.

Nilifungua mwanzo wa Injili ya Mathayo. Neno la kwanza kabisa lilikuwa Ekitabo. Nikatoa simu yangu, nikafungua Biblia ya Kiswahili mahali hapohapo, na neno la kwanza lilikuwa Kitabu. Nilimsomea senga kwa sauti ule ukoo mrefu wa kina Ibrahimu na Isaka na Yakobo, naye akaufuata kwa kidole katika chake, midomo ikicheza, na kila tulipokutana kwenye jina alitikisa kichwa kama anayehesabu wageni wanaoingia arusini.

Ndipo kosa la safu ya pili liliponirudia. Rafiki yangu aliposema "kitabo" hakuwa amekosea sana kama nilivyodhani. Alikuwa amelitamka neno langu kwa jinsi lilivyokaa kwao kwa zaidi ya karne moja. Tulianza kuhesabu tukiwa tumekaa mkekani. Kalamu ni kkalaamu. Barua ni ebbaluwa. Kanisa ni ekkanisa, dini ni eddiini, sala ni essaala, msalaba ni omusalaba, malaika ni malayika, Injili ni Enjiri. Meza anayoandikia, saa anayotazama, dirisha linalomwangazia: emmeeza, essaawa, eddirisa. Mengine asili yake ni Kiarabu na mengine Kireno, hilo nalijua, lakini yalifika Buganda mgongoni mwa Kiswahili. Chumba kizima cha msomi, nikisema bila kutia chumvi nyingi, kilikuwa kimepambwa kwa vyombo vya pwani.

Hapo nilikuwa na cha kuchangia, kwa maana upande huo wa habari ndio niliousomea. Niliwaeleza kwamba msafiri Stanley alipofika kwa Mutesa mwaka 1875 alimwachia kijana aliyeitwa Dallington, aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, na kwamba maandiko ya Biblia yaliyosomwa mbele ya Kabaka siku zile yalisomwa kwa Kiswahili. Mmisionari Alexander Mackay alipofika mwaka 1878 alikuta watu wa jumbani wanaokielewa Kiswahili, akaanza kufundisha kwa lugha hiyo na kwa tafsiri za Askofu Steere wa Unguja wakati yeye mwenyewe bado anajifunza Luganda. Mathayo ya Luganda ilichapwa baadaye, mwaka 1887. Kwa hiyo wale abasomi wa kwanza, wale ambao mji huu umesimama juu ya mabega yao, walianza kuona herufi zikigeuka maneno kwa lugha ambayo bweni letu liliiita ya wezi.

Rafiki yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Luganda, ili senga naye asikie, "Sasa nikujibu lile swali."

Nilitarajia aniambie kuhusu siasa, na hoja hizo nazijua. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kitumike zaidi mashuleni na serikalini, Kabaka Daudi Chwa alipinga, na sababu zake hazikuwa za kijinga: aliona lugha ya nchi yake ikisukumwa pembeni. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na lugha inayotangazwa kwa amri ya mtu wa namna ile hupata wafuasi wachache nyumbani kwa watu. Hayo yote ningeyakubali. Lakini hakuyataja.

Alitaja lori. Muhula wetu wa kwanza shuleni, wakati wa misako ambayo Waganda wanaikumbuka mpaka leo kwa jina la "panda gari", baba yake alikamatwa Kampala alikokwenda kununua vitabu vya kanisa. Alirudi siku ya nne bila viatu na bila vitabu. Maneno mawili tu ya Kiswahili ndiyo aliyokuja nayo nyumbani, yale aliyofokewa alipokuwa akisukumwa juu ya lori, na kwa miaka iliyobaki ya maisha yake hakuruhusu lugha hiyo ivuke kizingiti cha nyumba. Mwanawe aliporudi shuleni alimkuta kijana mpole wa kambini, mwenye baba mwenye sare, akimwomba kwa Kiswahili ampishe akae. "Sikukudharau," aliniambia. "Nilikuwa nakuogopa, na mvulana hawezi kusema anaogopa."

Senga alikuwa ameishika Biblia yake, akiifunga tena polepole katika kile kipande cha kanga. Sikuwa na la kusema. Nilimfikiria baba yangu, na safari zake ambazo hatukuwahi kuulizia, na soksi zake za kijani zikianikwa kwenye waya. Mpaka sasa sijui alikuwa wapi mwaka ule. Nilichoweza kufanya ni kumwomba senga msamaha kwa niaba ya lugha, jambo ambalo nikilitazama leo naona lilikuwa la kipuuzi kidogo, naye alilipokea kwa heshima kuliko lilivyostahili, akasema lugha haina mikono.

Jumamosi iliyofuata nilibadilisha utaratibu wa masomo. Niliacha zile sentensi za "hujambo, sijambo" nilizokuwa nimeziandaa, nikaandika ubaoni maneno kumi ya Luganda na kuwaambia walimu wanitafutie ndugu zake. Darasa lilichangamka mno mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mwalimu mmoja wa kike, ambaye siku ya kwanza hakutoa neno, alipata tisa kati ya kumi, akasimama na kulidai la kumi. Tangu hapo nimefundisha hivyo popote katika Buganda, na pia nimejizoeza, ninapokutana na mtu wa zamani, kumuuliza kwao ni wapi na kuacha nafasi ya jibu refu.

Tuliendelea kukutana miezi saba. Rafiki yangu alikuwa mwanafunzi wangu bora na mbishi kuliko wote. Ngeli ya ki- na vi- aliimaliza kwa wiki mbili kwa sababu, alisema, wao wanayo ekitabo na ebitabo tangu zamani. Jumamosi ya mwisho alinisindikiza mpaka stendi jua likiwa limeinama upande wa Kampala, amenibebea mkungu wa matoke kutoka kwa senga na nakala ya kurasa alizopiga picha kutoka kwenye kitabu cha safari ya mwaka 1902. Teksi ya Jinja ilifika ikiwa imejaa nusu, kondakta akipiga bodi kwa kiganja.

Rafiki yangu aliuingiza mkungu chini ya kiti cha nyuma, akajifuta mikono, akanitazama. Niliona neno likimjia, na nikaona akilipima.

"Panda gari, Afande," akasema.

Nilimtazama kwa muda. Kisha nikapanda.